Filamu Nne Zilizofia Handakini

Maiti zilikuwa nne, zimelazwa juu ya viazi.

Inspekta Kerttu Ollila alizitazama moja baada ya nyingine. Nyuma yake, kwenye mlango wa handaki, walisimama wahudumu wawili wa gari la wagonjwa na machela yao. Nyuma yao alikuwa Konstebo Sipola, ambaye hakuonyesha haraka yoyote ya kuingia kwenye shimo lenye giza.

"Mzee Aulis," Kerttu alisema hatimaye. "Hizi ni filamu."

"Ndiyo."

"Filamu za kamera."

"Za infraredi. Kiwanda kimeacha kuzitengeneza."

"Kwenye simu ulisema wameuawa wanne."

"Wameuawa."

"Ukaulizwa umri wao, ukajibu miaka sita."

"Nilizinunua miaka sita iliyopita."

"Halafu ukasema ulikuwa umewaweka kwenye friji."

"Ndiko zinakotunzwa. Zikipata joto zinaharibika."

Wahudumu wa gari la wagonjwa walitazamana, wakageuza machela yao na kuondoka bila kuaga. Mzee Aulis Rantakari, mwenye miaka sabini na minne, fundi saa mstaafu, mrefu na mwembamba, wala hakuona haya.

"Mimi sikusema ni watu," alisema. "Mtu akipiga simu kwamba filamu zake zimeharibika, anaambiwa asubiri sikukuu iishe. Sikukuu ikiisha, kwangu mimi kila kitu kimeisha."

Hapo alisema kweli. Ilikuwa Alhamisi, saa mbili asubuhi, siku moja kabla ya mkesha wa Juhannus, sikukuu ya katikati ya kiangazi, na katika nchi nzima ya Finland hapakuwa na polisi aliyetaka kazi mpya. Kerttu mwenyewe alikuwa na ndoo ya samaki wa chumvi na katoni mbili za bia ndani ya buti la gari. Saa sita mchana alitakiwa kuwa njiani kwenda kwa dada yake ziwani.

"Nitaandika taarifa," alisema. "Uharibifu wa mali. Jumatatu atakuja mtu."

"Andika na jina la muuaji. Urpo Niskala. Anakaa nyumba ya pili."

"Una ushahidi?"

"Nina uhakika. Ndiyo maana nimeikata mashua."

Kerttu alikuwa ameshageuka kuondoka. Akasimama.

"Mashua gani?"

"Ya makasia. Tuliinunua pamoja tukiwa vijana, tumevulia pamoja miaka hamsini na zaidi. Asubuhi nimeikata katikati kwa msumeno. Nusu yake nimempelekea uani kwake."

"Naye akasemaje?"

"Alikuwa anachukua shoka."

Kerttu alishusha pumzi. Wazee wawili, msumeno mmoja, shoka moja, na sikukuu ambayo kila mtu hunywa kuanzia kesho mchana. Akiondoka sasa, Jumamosi ataitwa tena hapahapa kijijini Kuusilampi, na safari hiyo machela haitarudi tupu. Alitoa daftari lake mfukoni.

"Nieleze tangu mwanzo."

Aulis akaeleza.

Ukumbini mwa kanisa la Kuusilampi kulikuwa na ubao wa zamani sana, wenye mwaka 1791 juu yake na maandishi chini. Maandishi hayo hakuna aliye hai aliyewahi kuyasoma, kwa sababu zaidi ya miaka mia iliyopita yalipakwa rangi nyekundu. Kijiji kizima kiliamini kwamba ni jina la mtu aliyetoa ardhi ya kujengea kanisa. Baba yake Aulis alimwapia mwanawe kitandani, akiwa anakata roho, kwamba mtu huyo alikuwa Rantakari. Watu wengine wote walisema ni Niskala. Sasa kanisa linakarabatiwa, na mchungaji amechoka kungoja. Kesho saa nne fundi seremala kutoka mjini atausugua ubao mpaka mbao ibaki nyeupe, kisha ataandika kwa dhahabu: Niskala.

"Wakishausugua, basi," Aulis alisema. "Hakuna atakayejua tena. Nilimwambia baba nitalithibitisha. Miaka arobaini nimekuwa nikisema mwakani, mwakani. Mimi sasa sina tena mwakani nyingi."

Alilisema hilo akitazama viazi. Kerttu naye akaona ni vyema atazame viazi.

"Filamu inahusikaje?"

"Rangi nyekundu ya udongo haizuii infraredi, ule mwanga usioonekana kwa macho. Inapita kana kwamba hakuna kitu. Lakini herufi za zamani zilichorwa kwa masizi, na masizi yanaizuia. Ukiupiga ubao picha kwa filamu hii, jina linajitokeza. Ila filamu yenyewe ina wivu. Ya kawaida unaipakia kivulini, yaishe. Hii ukiitoa tu kwenye kopo lake, mwanga unaingilia kwenye ule ulimi wa filamu ulioachwa nje na kutambaa mpaka ndani. Hata ule mfuko mweusi wa kuingizia mikono siuamini kwenye jua. Inataka giza lenyewe."

"Na chumba cha giza?"

"Cha chama chetu cha wapiga picha kipo Rovaniemi, kilomita mia mbili. Kimefungwa kwa sikukuu."

Juu ya vichwa vyao jua lilikuwa limewaka tangu mwezi uliopita bila kutua hata mara moja, kama ilivyo kila kiangazi kaskazini ya mbali. Kwa wiki kadhaa Kuusilampi nzima haikuwa na giza lolote, isipokuwa kwenye mahandaki ya viazi. La Aulis lilichimbwa ubavuni mwa kilima na babu yake, lina kuta za mawe na mlango wa mbao nene. Ndani mlikuwa na baridi hata mwezi wa saba. Kwa kupakia filamu ya infraredi mbali na chumba cha giza, huwezi kupata mahali bora zaidi.

Na bado zimekufa nne. Ya kwanza ikafa Jumamosi, Aulis akadhani ni uzee wa filamu. Ya pili Jumapili, akadhani ni mlango, akatundika mablanketi matatu. Ya tatu Jumanne, akafunga komeo kwa ndani. Ya nne ikafa jana Jumatano, na leo asubuhi akaamka na kuchukua msumeno.

"Imebaki moja," alisema. "Siithubutu kuitoa kwenye friji."

Kerttu alivaa glavu, akainua filamu moja, akaipeleka mlangoni kwenye mwanga. Ilikuwa na madoa meusi yaliyokatiza upana wake, doa, nafasi, doa, nafasi, mpaka mwisho.

"Mtu angefungua mlango, ingekuwaje?"

"Ingekuwa nyeusi yote."

"Hii si nyeusi yote. Mwanga ulikuja ukaenda, ukaja ukaenda." Alichukua nyingine, kisha nyingine, akisoma siku zilizoandikwa pembeni. "Ya Jumamosi na ya Jumapili zina doa mojamoja. Kwenye ya Jumanne na ya jana madoa yamekaa matatumatatu. Sipola, andika hilo."

"Matatumatatu," Sipola akaandika, akiwa bado nje.

"Ingia ndani. Tunarudia tukio."

Sipola alimeza mate. Alikuwa na miaka hamsini na minane, mabega mapana, na miaka mitatu iliyopita alimkamata dubu aliyeingia dukani. Aliingia handakini kama mtu anayepelekwa kung'olewa jino.

Aulis alisukuma komeo, akateremsha mablanketi, moja, mbili, tatu. Giza likawa zito. Alikuwa na filamu mojawapo iliyokufa, ili awaonyeshe.

"Fumbeni macho," alisema.

"Mbona tayari ni giza, Mzee?"

"Fumba tu. Macho yakiwa wazi gizani yanahangaika, vidole vinasahau kazi. Mimi napakia nimefumba tangu mwaka sitini na mbili. Aliyenifundisha alikuwa hivyohivyo."

Kerttu akafumba. Alisikia kopo likifunguka, ulimi wa filamu ukichomekwa, mgongo wa kamera ukibanwa. Kazi safi, haikufika dakika moja. Alisikia pia Sipola akihema kwa nguvu.

Walipotoka, Kerttu aliuliza: "Kuna aliyeona chochote?"

"Nimefumba macho," Aulis alisema.

"Sipola?"

"Hapana, Afande." Alijibu haraka mno, na masikio yalikuwa yamemwiva.

Jikoni, Mama Impi Rantakari alikuwa ameshamimina kahawa kabla hawajabisha hodi. Alikuwa mkunga kwa miaka thelathini na saba. Nusu ya kijiji aliipokea kwa mikono yake, na nusu hiyo ilikuwa bado inamwogopa.

"Mama Impi, nani huingia handakini?"

"Aulis. Kula mkate huo, una hiliki ya leo."

"Nani mwingine?"

"Mwizi."

Kalamu ya Kerttu ikasimama. "Mwizi gani?"

"Wa jamu. Nilihifadhi makopo kumi na manane ya jamu ya lakka, matunda ya njano ya porini, nimeyachuma mwenyewe kinamasini, mbu wananila. Sasa yenye jamu ni kumi na moja."

"Umemwambia mumeo?"

"Nimemwambia. Amesikitika sana. Anasema ni panya."

"Panya wanafungua makopo?"

"Na kuyafunika tena," Mama Impi alisema. "Aulis mwenyewe haruhusiwi sukari, daktari amekataza kabisa. Ana kisukari. Kwa hiyo si yeye." Alisema maneno hayo polepole huku akimtazama Kerttu machoni.

"Ukachukua hatua gani?"

"Nilichukua hatua."

"Hatua ipi?"

"Kahawa imepoa, nikuongeze."

Kerttu alikijua kimya cha namna hiyo. Katika kazi yake amewahi kuwahoji wauaji waliosema zaidi. Alikunywa kikombe cha pili, akaandika "hatua" kwenye daftari na kuipigia mstari chini.

Uani kwa Urpo Niskala nusu ya mashua ilikuwa imeegemea ukuta, na shoka lilikuwa limechomekwa kwenye gogo kando yake. Urpo alikuwa mfupi, mnene, mwindaji wa maisha yake yote. Naye alikuwa ameshachemsha kahawa. Kukataa kahawa ya mtu ni tusi, hata kama unamshuku, kwa hiyo Kerttu alikunywa cha tatu.

"Uliingia handakini kwa Rantakari wiki hii?"

"Kufanya nini?"

"Nimeuliza mimi."

"Nina viazi vyangu."

"Hilo si jibu, Mzee Urpo."

"Ndilo nililo nalo."

"Ubao ule wa kanisa. Unataka jina la Niskala liandikwe?"

Urpo alikoroga kahawa ambayo hakuwa ameitia kitu. "Mimi sijawahi kusema ni letu. Wanasema watu."

"Lakini hujakataa."

"Sijakataa."

Kerttu alizungusha macho chumbani. Vichwa vya paa wakubwa wa kaskazini, bunduki ndani ya kabati lililofungwa, na misumari minne ukutani. Kwenye misumari mitatu zilitundikwa kamera za wawindaji, zile zinazofungwa kwenye mti msituni na kujipiga zenyewe mnyama akipita gizani. Msumari wa nne ulikuwa mtupu.

"Ya nne iko wapi?"

"Imeazimwa."

"Na nani?"

"Siwezi kusema. Niliahidi."

"Unajua naweza kukuchukua mpaka kituoni?"

"Kituo kinafungwa saa sita," Urpo alisema. "Ni mkesha wa mkesha."

Mambo ya nchi hii. Kerttu alitoka nje akiwa amekasirika, akaingia kwenye gari na kufunga mlango kwa kishindo. Sipola alikaa kando yake, kofia magotini, akiizungusha.

"Afande. Nina jambo."

"Sema."

"Kule handakini tuliambiwa tufumbe macho."

"Ndiyo."

"Mimi sikufumba." Kofia ikazunguka mara ya pili. "Naogopa giza, Afande. Tangu utotoni. Nalala taa ikiwa inawaka, hata mke wangu amezoea. Kwa hiyo niliyaacha wazi."

"Ukaona nini?"

"Jicho jekundu. Dogo, hafifu sana. Likawaka, likazimika. Mara tatu. Kisha tena, mara tatu. Nikasema ni hofu yangu tu."

Kerttu alimgeukia.

"Sipola, miaka kumi na tisa nimekuwa nikikuomba utii maagizo."

"Ndiyo, Afande."

"Leo nashukuru hukutii."

Walirudi handakini, wakaikuta kamera ya nne kwenye rafu ya juu, nyuma ya makopo ya jamu, imefichwa kwa gunia, na lenzi yake inatazama katikati ya handaki. Chini ya lenzi kulikuwa na safu ya vitaa vidogo. Kerttu aliipiga picha mahali ilipo, akaishusha kwa glavu, akaitia kwenye mfuko wa vielelezo. Kisha walikaa garini, wakachomeka kadi ya kumbukumbu kwenye kompyuta ya kazini.

Picha ya kwanza ilikuwa ya Jumatatu, saa nne na dakika arobaini. Ilikuwa pua. Pua kubwa, na juu yake macho mawili ya Urpo Niskala, akiiweka kamera sawa kwenye rafu.

Zilizofuata zilikuwa za Jumanne na za Jumatano. Aulis ameinama, wa kijivu kama mzimu, macho ameyafumba, mikono inazungusha filamu. Tatu, nafasi, tatu, nafasi. Sipola aliweka kidole kwenye kioo cha kompyuta.

"Matatumatatu, Afande."

"Endelea."

Aulis anamaliza. Aulis anaweka kamera ndani ya koti. Aulis anageuka kwenye rafu, macho bado ameyafumba, anafungua kopo na kuingiza vidole viwili. Aulis ana furaha. Kerttu hakuwahi kuona mtuhumiwa mwenye furaha kiasi hicho.

Za mwisho zilikuwa za asubuhi hiyo. Aulis na Inspekta wamefumba macho kama watu wanaosali, na kati yao Konstebo Sipola, macho yamemtoka pima.

"Hii itaingia kwenye jalada?" Sipola aliuliza.

"Hii itapotea," Kerttu alisema.

Saa tano na nusu aliwakusanya wote jikoni kwa Mama Impi. Urpo alikaa kwenye benchi karibu na mlango, Aulis kwenye benchi karibu na dirisha. Kila mmoja alitazama ukuta wake. Katikati ya meza, kando ya mikate, Kerttu aliweka mfuko wa vielelezo.

"Kamera hii haina taa inayoonekana vizuri kwa macho," alisema. "Ili imwone mnyama gizani, inamulika kwa infraredi. Mzee Aulis, ulikwenda kutafuta giza, kumbe ulikuwa unapakia filamu yako chini ya taa ileile ambayo filamu hiyo imetengenezwa kuiona. Ungefungua macho mara moja tu, ungeona wekundu."

Aulis aliinama juu ya mfuko, akaikagua lenzi.

"Mama Impi, aliyeiazima ni wewe?"

"Niliiazima mimi. Nilimwambia Urpo aiweke, nimkamate mwizi wa jamu. Aliniambia haioneshi mwanga wowote. Ningejua inaua filamu ningeitupa ziwani." Alimgeukia mumewe. "Nilitaka tu kujua ni vijiko vingapi. Daktari alisema ukiendelea hivi utakatwa mguu. Sitaki kukuuguza mguu, mzee. Nataka uishi."

"Panya," Aulis alijaribu, kwa sauti ndogo.

Kerttu aligeuza kompyuta. Mama Impi alizitazama picha zote mpaka ya mwisho.

"Vidole," alisema. "Hata kijiko hakutumia."

"Nakiri," Aulis alisema. "Makopo saba. Lakini kuiba jamu ni kosa moja, na kuua filamu ni jingine. Impi hakujua. Basi hakuna aliyekusudia?"

"Yupo." Kerttu alizipanga filamu nne mezani. "Jumamosi na Jumapili, doa mojamoja. Hapo kamera ilikuwa inapiga picha moja kila mtu akisogea. Nakubali, hapo ni bahati mbaya. Jumatatu mtu aliichukua kadi akaenda nayo nyumbani, akaweka nyingine. Kuanzia Jumanne kamera inapiga tatu kwa mpigo. Hilo halijifanyi lenyewe. Mzee Urpo, kadi ya kwanza iko kwako?"

Urpo aliacha kutazama ukuta wake. Kisha akaingiza mkono mfukoni, akaiweka mezani.

"Niliona picha," alisema. "Nikamwona na filamu mikononi. Mimi nimetumia kamera hizi miaka minane, najua zinamulika kwa mwanga gani. Nikaelewa papo hapo."

"Ukafanya nini?"

"Impi nilimwambia sijamwona mwizi. Kwenye jamu nilimlinda." Aliinua macho kumtazama Aulis kwa mara ya kwanza. "Kisha nikarudi nikaiweka ipige tatutatu. Kwenye filamu nilikuua. Mimi ndiye. Andika, Inspekta."

"Nilijua," Aulis alisema, lakini hakulisema kwa ushindi. "Miaka hamsini kwenye mashua moja. Kwa sababu ya jina, Urpo? Ungeniambia unalitaka kiasi hicho, ningekuachia."

"Silitaki. Mungu wangu, silitaki kabisa." Urpo alikisukuma kikombe chake kando. "Aliyeupaka rangi ubao ule ni babu yangu. Alikuwa mzee wa kanisa. Aliupaka ili usisomeke. Aliniambia kwenye sauna nikiwa na miaka kumi, akaniapisha nisimwambie mtu. Watu wakisema ni letu, nilinyamaza. Nimenyamaza miaka sitini na minne. Nilidhani fundi akishausugua kesho nitalala usingizi."

"Ubao umeandikwa nini?" Aulis aliuliza.

"Nimeapa."

"Urpo, ubao umeandikwa nini?"

"Mimi siwezi kusema. Lakini ubao haujaapa. Na friji yako ina filamu moja."

Kerttu alitazama saa. Ilikuwa saa sita kasoro. Alimpigia dada yake simu na kumwambia atachelewa.

Mashahidi wote walishiriki kwenye upakiaji wa filamu ya tano. Handaki lilikaguliwa kila jiwe. Aulis aliacha ndani saa yake yenye mishale inayong'aa kisha akakumbuka, akaitoa nje. Simu zote zilibaki jikoni. Mablanketi yakateremshwa, na nje ya mlango Urpo akaegemea kwa mgongo wake wote mpana, kuziba nyufa.

"Mlango huo ukifunguka," sauti ya Aulis ilitoka ndani, "nitakukata katikati wewe."

"Pakia, wewe. Na fungua macho safari hii."

"Yako wazi."

"Unaona nini?"

"Sioni kitu." Kopo la filamu likafunguka. "Ni giza zuri sana, Urpo."

Kanisani Aulis alifunga kamera kwenye miguu yake mitatu, akalenga, akasogeza lenzi kidogo mpaka kwenye alama ya infraredi. Kisha akaweka kichujio cheusi tii ambacho mtu hawezi kuona kitu kupitia kwake. Alipiga picha kumi. Walirudi handakini, akaizungushia filamu ndani ya tangi la chuma la kusafishia, kwa sababu la plastiki hupitisha infraredi. Saa nane na nusu alikuwa jikoni akilitikisa tangi, huku Mama Impi akimhesabia dakika kama anavyohesabu uchungu wa mzazi.

Aulis aliitoa ikiwa bado inadondosha maji, akaiinua dirishani. Haikuwa na doa hata moja. Akachukua ile lenzi yake ya jichoni, ya ufundi saa, akaiweka. Wote waliacha kunywa kahawa.

Alisoma mara moja kimoyomoyo. Masikio yakamwiva. Akasoma mara ya pili.

"Soma kwa sauti," Mama Impi akasema.

"Heikki Rantakari na Matti Niskala," Aulis alisoma, "walifungwa miguu kwenye gogo mlangoni mwa kanisa hili, Jumapili tatu mfululizo, kwa kulewa na kupigana ngumi katikati ya mahubiri. Iwe onyo kwa wote."

Konstebo Sipola aligeuka kutazama nje kwa bidii, na mabega yake mapana yakawa yanatikisika.

Aulis alivuta kiti akakaa. Baba yake alikufa akiamini katoka kwa mtu mkubwa. Yeye mwenyewe alikuwa amelibeba jina hilo maisha yake yote, akaharibu filamu nne na mashua moja. Machozi yalimtoka, na Kerttu hakujua kama ni ya kucheka au ya kulia, mpaka alipoona kwamba ni yote mawili.

"Miaka sitini na minne," Aulis alimwambia Urpo. "Na umelibeba hili peke yako."

"Nilikuwa nakulinda na wewe."

"Mjinga wewe."

"Najua."

Aulis alimpa filamu, bado mbichi. "Chukua. Mwite mchungaji mwambie filamu imekufa, ausugue. Au mwambie kweli. Mimi nitakubali lolote utakalosema. Na Inspekta hajaona kitu."

"Sijaona kitu," Kerttu alisema.

Urpo aliishika filamu kwa ncha za vidole. Kisha akaenda kwenye simu ya ukutani, akapiga. Alizungumza akiwa amesimama wima kama mtu anayetoa maelezo mahakamani.

"Mchungaji. Ni Niskala. Mwambie fundi asiuguse ubao. Tumeusoma. Chukua kalamu." Akasoma yote, jina kwa jina, gogo, Jumapili tatu, ngumi. Hakuruka neno. Alipomaliza, kicheko cha mchungaji kikajaa kwenye simu mpaka Mama Impi akakisikia kutoka kwenye jiko. Urpo alisikiliza. Shingo yake nene ililegea polepole, na kwa mara ya kwanza siku hiyo akatabasamu.

"Anasema ataandika yote kwa dhahabu," aliwaambia. "Na anauliza, nani alishinda."

"Ubao hausemi," Aulis alisema. "Ila bila shaka ni Rantakari. Heikki alikuwa mtu wa miraba minne."

"Matti aliinua farasi."

"Nani kakwambia?"

"Babu."

"Babu yako aliyepaka rangi ushahidi?"

Urpo alikirudisha kipokezi cha simu ukutani na kuvuta kiti mpaka kwenye benchi la Aulis, ili abishane naye kwa karibu. Mama Impi akaongeza vikombe viwili. Kerttu alifunga daftari, akamkonyeza Sipola, na wote wawili wakatoka kwa mlango wa nyuma kabla mtu hajafungua mashtaka mapya.